Gari la Baridi la Kumfuatia Mama

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema kwamba sikuamini hata siku moja kuwa baridi ya gari ingeweza kumrudisha mama yangu nyumbani. Nimewaambia hivyo ndugu zangu, nimemwambia mume wangu, na mara moja nilimtaja baba darasani kama mfano wa mtu anayedhani mashine inaweza kumsemea maneno yake. Wanafunzi wakacheka, nami nikacheka nao. Ukweli ni kwamba niliamini. Niliamini kuliko baba, ambaye angalau alikuwa na kisingizio cha kulipenda gari lenyewe. Mimi gari sikulipenda. Nilimtaka mama.

Lilikuwa gari refu la Kimarekani, stesheni wagoni, rangi yake kama maziwa yaliyoanza kuganda. Baba alilipata kwa wazungu waliokuwa wakitafuta madini upande wa Iramba, ambako alikuwa mtunza stoo wao. Muda mfupi baada ya Uhuru walifunga kambi. Bosi wake alizijua barabara zetu vizuri mno hata asifikirie kulirudisha gari hilo Dar es Salaam, basi akamwachia funguo kama zawadi ya kuagana. Baba akahamia stoo ya ujenzi ya serikali mjini Singida, akaliegesha nyumbani kwetu Mwankoko chini ya paa la bati, na majirani wakaanza kumwita naizi, kama walivyoitwa Waafrika wote waliorithi kitu cha mzungu, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kinakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka Manyoni kwa miguu.

Chini ya dashibodi kulikuwa na kisanduku chenye matundu kilichopuliza upepo wa baridi. Hapakuwa na gari jingine la namna hiyo mkoani, na kusema kweli hapakuwa na sababu ya kuwapo. Singida ni nchi ya upepo. Mwezi wa saba watu wazima huegemea kuta wakiota jua mpaka saa nne. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye tuliishi naye ua mmoja, alisema kununua baridi Singida ni sawa na kununua chumvi uimwage Ziwa Singidani, ambalo lenyewe ni la chumvi.

Lakini mama hakuwa wa Singida. Alikuwa Mgogo wa Kintinku, kule chini bondeni ambako reli inapita na joto linakaa kama mpangaji asiyelipa. Nilikuwa bado msichana wa shule baba alipotupeleka sote kumsalimia bibi kwa gari hilo. Ulikuwa mwezi wa kumi, Ugogo ukiwaka. Tulifunga vioo vyote. Nje vumbi lilisimama jekundu, mbuzi walijibana kwenye vivuli vya nguzo za simu, na ndani mama alikuwa amejifunga vitenge viwili na shuka, meno yakimgongana, akicheka. Sijui nieleze vipi kicheko kile. Mama alikuwa mtu wa kutabasamu upande mmoja wa mdomo, mtu wa kusema "haya" mambo yakaisha. Siku ile alicheka mpaka akashika dashibodi. Tulipofika, bibi alitoka mbio, akamwona binti yake anashuka kwenye gari amejifunika shuka mpaka kidevuni katika jua la mchana, akapiga ukelele, "Mwanangu ana homa!" Mama akajaribu kumwambia mbukwa, salamu ya kwao, akashindwa kwa kucheka. Baba alisimama kando ya gari, mikono mfukoni, akimtazama mkewe kama mtu aliyeotea namba ya bahati nasibu.

Kompresa ilikufa baadaye, kwa kelele ya mtu anayetafuna kokoto. Hiyo ndiyo pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda na kuisukuma gesi inayoleta baridi. Ikifa, kisanduku kinabaki kupuliza upepo uleule ulioko nje. Baba aliukata mkanda wake, akaendelea na maisha.

Kisha bibi akaugua, wakati uleule watu wa kwao walipokuwa wanahamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Mama akaenda kumsaidia kubomoa na kujenga. Nyumba ikasimama. Bibi akapona. Mama hakurudi. Alituma salamu, alituma mchele wa majaruba ya kule, alituma kuuliza kama kuku wake wanataga. Yeye mwenyewe hakuja. Mvua zikanyesha, zikaisha, mtama ukavunwa, na kila aliyetoka Kintinku alisema mama hajambo, yuko kwenye shamba la kina mama, amechaguliwa kwenye kamati ya duka la kijiji, anawasalimu.

Mimi nilikuwa Chuo Kikuu, mwaka wa pili. Nilirudi likizo ndefu na nywele zilizosimama kama kichuguu na msamiati mpya uliokuwa ukiniwasha ulimi. Jioni ya kwanza, tukiwa tumekaa jikoni kwa shangazi tukichambua mlenda, nilimweleza kwamba kuondoka kwa mama ni matokeo ya mgongano kati ya kazi ya mwanamke na umilikaji wa nyumba.

"Mgongano gani?" shangazi aliuliza. "Hawakugombana hata siku moja. Ndiyo shida yenyewe."

Alikuwa amesema kweli. Nyumbani kwetu ugomvi haukuwa na sauti. Baba alirudi jioni, akauliza chakula kipo, akafungua redio, akasikiliza bei ya pamba, ambayo hatukulima, akalala. Sikumbuki kumsikia akimuuliza mama swali ambalo jibu lake halikuwa ndiyo au hapana. Na bado, mama alipokuwa hayupo, baba aliacha kula ugali wa uwele kwa sababu alidai hakuna aujuaye kuusonga. Kila Jumapili alikwenda kuwahesabu kuku wake kwa kidole, mmojammoja, kama vile angeulizwa.

Usiku wangu wa kwanza nililala kitanda cha mama. Mto ulikuwa umeshapoteza harufu yake. Nilijiambia kwamba hiyo ni hisia ya kibwanyenye, nikaendelea kunusa.

Asubuhi baba alinipeleka chini ya paa la bati, akafungua boneti, akaniambia kwa mara ya kwanza alichokuwa akikifikiria mwaka mzima.

"Anaogopa njia," alisema. "Joto na vumbi. Baridi ilikufa, halafu naye akaenda. Unaona mfuatano?"

Mtunza stoo huamini mfuatano. Kitu hutoka, kitu hupungua.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tukiipandisha tena kompresa, nitakwenda kumchukua. Atakaa mbele, kama ile siku."

Ningeweza kumwambia kwamba mtu hakimbii mume kwa ajili ya kipande cha chuma. Nilikuwa na nadharia ya kutosha kulisema hilo kwa lugha mbili. Badala yake nilimwona mama pale mbele, na shuka lake, na meno yakigongana, na kicheko kile. Nikavua viatu, nikauliza spana ziko wapi.

Shangazi alisikia habari hiyo akiwa anapepeta.

"Mke hufuatwa," alimwambia kaka yake. "Kwa watu wa Kintinku na kwetu hapa ni hivyohivyo. Unatuma neno, wazee wa kwao wanakaa, unakwenda, unakaa chini, unasema. Basi lipo mpaka Manyoni. Manyoni kuna treni. Gari la nini?"

"Gari likipona nitakwenda."

"Gari linaumwa nini, kaka? Si ndilo unalokwendea kazini?"

Fundi alikuwa Mhindi mwenye mashine ya kusaga pale mjini, mzaliwa wa Singida, anayetukana kwa Kinyaturu vizuri kuliko mimi. Hakuwahi kuona kompresa ya gari maishani mwake, na jambo hilo halikumpunguzia chochote. Tuliilaza juu ya meza yake kati ya vumbi la unga, akafungua bolti, akainua kifuniko kwa bisibisi na kupiga makofi.

"Nilikwambia nini, Stokipa? Pistoni mbili, konrodi mbili, shafti. Hii ni mashine ya kusaga! Yangu inakula mahindi, hii inakula gesi. Tofauti ni tumbo tu."

"Ulishawahi kufungua nyingine?" baba aliuliza.

"Wewe ulipooa ulishawahi kuoa mwingine? Shika hapa. Na wewe msomi, leta taa."

Oili ilitoka nyeusi, ikimeta chembe za chuma. Ugonjwa ulikuwa wazi. Juu ya kila pistoni kuna vijani vya chuma vyembamba kama wembe, ambavyo hufunguka gesi inapovutwa na kujifunga inaposukumwa. Kijani kimoja kilikuwa kimekatika, na vipande vyake vilikuwa vimetafuna kichwa cha pistoni. Zile kokoto tulizozisikia zilikuwa hizo. Ugonjwa wa pili ulikuwa mahali shafti inapotokea nje kupokea mkanda. Pale kuna sili, kipete cha kuzuia gesi isitoroke, na ya kwetu ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino.

Spea hazikuwapo. Nchi nzima ilikuwa inangoja spea. Baba aliandika Dodoma, akaandika Arusha, akajibiwa kwa adabu. Vitu vya stoo ya serikali hakutaka hata kuvitazama. Nilipomtajia kwamba pale kazini kwake kuna karatasi za gasketi, alinijibu kwamba mali ya umma haimfuatii mtu mke. Kwa hiyo tulitengeneza. Fundi aliivunja saa ya ukutani ya dukani kwake, ambayo ilikuwa imekufa siku nyingi na kubaki kama pambo, akatoa springi yake, akaikata kwa mkasi wa bati na kuisugua juu ya kioo kwa mchanga laini na mafuta mpaka ikawa kijani kipya cha pistoni. Cha kwanza alikipachika kichwa chini. Tulifunga kila kitu, tukazungusha kwa mkono, kompresa ikapiga chafya na kugoma. Fundi akalitukana gari, akawatukana wazungu walioliunda, akafungua upya bila kukiri lolote. Gasketi ilitoka kwenye jalada gumu la kitabu changu kimoja cha uchumi, lililolowekwa kwenye oili. Ilikuwa mara ya kwanza nadharia yangu kuzuia kitu chochote kuvuja.

Ikabaki sili. Na hapa hakuna aliyebishana, kwa sababu hapa kila mtu wa Singida angesema jambo lilelile. Kwetu kinachovuja huzibwa kwa ngozi ya ng'ombe. Pampu ya baiskeli ni ngozi, pampu ya kisima ni ngozi, mfuniko wa kibuyu cha maziwa ni ngozi. Unachukua kipande cha mgongoni, unakiloweka kwenye mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, kinanywa mpaka kinashiba, kinalainika, kinakamata. Hata shangazi, aliyeipinga safari yote, alitoa mafuta yake mwenyewe ya kopo.

"Hakuna kilichowahi kuvuja kikaishinda ngozi," alisema fundi akigandamiza vipete ndani kwa ncha ya kijiko.

"Kweli," tukasema wote.

Gesi ililetwa na lori kutoka Dodoma, kwa binamu yake fundi aliyekuwa akitengeneza majokofu ya mabucha, ndani ya mtungi uliovikwa gunia kama mgonjwa. Fundi alichukua pampu ya jokofu bovu, akaigeuza ivute hewa yote kutoka kwenye mabomba ya gari, kwa sababu gesi haipendi kukaa chumba kimoja na hewa. Kisha akafungua mtungi taratibu. Kuna kioo kidogo kwenye bomba ambacho ukichungulia unaona mapovu yanapita. Yalipita, yakapungua, yakaisha. Baba akawasha injini. Nikabonyeza swichi. Klachi ya kompresa ikanasa, tak, mkanda ukaanza kuvuta, na tukangoja kama watu walio nje ya chumba cha mzazi.

Nikaweka kiganja kwenye matundu. Mwanzoni ulikuwa upepo wa kawaida. Halafu ukawa na makali kidogo. Halafu ikaja ile harufu ya chuma na kitambaa chenye unyevu, harufu ya siku ile ya mwezi wa kumi, na mama akawa karibu nami mno hata nikageuka. Baba aliniuliza kama ni baridi. Nilimjibu kwamba huu ni mfano mzuri wa ufundi wa kujitegemea.

Siku ile Mwankoko nzima ilipita garini. Walikaa wawiliwawili, milango ikafungwa, wakatoka wakijisugua mikono. Mzee mmoja alishuka akituarifu kwamba amefika Ulaya na hajapapenda. Shangazi ndiye aliyekaa kuliko wote. Alipotoka alijifunga kanga upya, akamtazama kaka yake.

"Haya. Baridi ipo. Maneno yako wapi?"

"Maneno gani?"

"Ya kumwambia mkeo na watu wa kwao. Wazee wakikaa watakuuliza umekuja kusema nini. Utawafungulia mlango wa gari?"

Baba alicheka kidogo. Kesho yake alituma neno kwa kondakta wa basi, na kutoka Manyoni likashuka na treni, kwamba Jumamosi tutafika. Jibu lilirudi kwa njia ileile. Wazee watakaa. Shangazi alipolisikia alimshika baba mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Sikiliza. Wakishakaa, ufike. Kwa wale watu, wazee wakikaa mwenye shauri asitokee, wakasimama, hawakai tena kwa shauri hilo. Hata ufe njiani, maiti yako ifike."

"Nitafika."

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Baba alivaa suti yake ya harusi za watu wengine. Kiti cha mbele alikitandika kitenge kipya, akaniamuru nikae nyuma. Baridi ilikuwa inafanya kazi tangu tulipotoka getini, na kwa kuwa nje nako kulikuwa na baridi ya asubuhi, tulisafiri tukitetemeka. Nilimwomba aizime kidogo.

"Ikizimwa itazoea," alisema.

Tulipita Issuna watu wakiwa bado wamejifunika mablanketi, wakitushangaa sisi tulioziba vioo kwa baridi juu ya baridi. Manyoni tulikunywa chai, baba akanunua mkate na sukari ya kupeleka ukweni, akaipangusa suti yake ambayo haikuwa na vumbi. Sijawahi kumwona amechangamka vile. Aliniuliza kama nadhani mama atacheka. Nikasema atacheka. Nilikuwa tayari ninamsikia.

Baada ya Manyoni barabara inaanguka. Unauacha uwanda wetu, unateremka ukuta wa bonde kwa kona baada ya kona, na joto linakupokea kutoka chini kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Niliweka mkono kwenye kioo, kikawa cha moto. Matundu yalikuwa bado yanapuliza ubaridi. Nilifurahi kama mtoto. Huku ndiko baridi ilikokuwa na kazi, na ilikuwa inaifanya.

Karibu na mwisho wa mteremko ikaja harufu. Nilidhani kuna watu wanachoma nyama kando ya njia. Nikatazama, hakuna mtu. Harufu ikanona. Halafu chini ya boneti kitu kikasonya, fsss, kirefu, kama mwalimu aliyechoshwa na darasa. Upepo wa kwenye matundu ukawa vuguvugu. Tulipofika Saranda, pale chini ambapo barabara na reli zinakutana, ulikuwa ni upepo uleule wa Ugogo tuliokuwa tumeuzibia vioo.

Baba alisimamisha gari, akafungua boneti. Mafuta ya shangazi yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shafti, yakikaangika juu ya klachi. Juu kwetu, ambako mafuta ya ng'ombe huganda kwenye kopo mwaka mzima, sili ile ingekaa mpaka leo. Huku yaliyeyuka, ngozi ikasinyaa, gesi yote ikaondoka. Gari lenyewe halikuwa na tatizo lolote. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa.

"Baba," nilisema, "tufungue vioo twende. Kintinku si mbali."

Baba alikuwa ameshika kitambaa, akipangusa palipokwisha kuharibika. Jasho lilikuwa limeanza kupenya suti.

"Wazee wamekaa," nilimkumbusha.

"Siwezi kufika hivi," alisema.

"Hivi vipi?"

"Kama siku zote."

Natamani niseme kwamba nilimshika mkono kama shangazi. Lakini nilitazama kile kiti cha mbele na kitenge chake, vumbi likianza kutua juu yake, nikamwona mama anapanda humo, anafunga mlango, anasema "haya". Sikulitaka hilo. Nilitaka kile kicheko, nami niliona, kama alivyoona baba, kwamba hatukuwa na njia nyingine ya kukipata. Baba alisema sili ya mpira ingeweza kukatwa kwenye tairi, wiki moja ingetosha, wazee wataelewa kwamba ni mashine. Nikasema wataelewa. Akageuza gari. Tulipanda ukuta wa bonde vioo vikiwa wazi.

Shangazi alituona tunaingia wawili. Alirudi jikoni kwake na kufunga mlango wa mabati.

Siku zile za mwisho za likizo fundi alikuwa kweli anakata sili ya mpira, akimlaumu ng'ombe. Mchana mmoja nilikuwa nimempelekea baba chakula stoo. Ofisi yao ilikuwa na simu moja, juu ya meza ya karani, na simu za mbali zilipigiwa kelele kwa pande zote mbili, hivyo hakuna aliyewahi kuwa na siri pale. Karani alishika mkono wa simu, akatoa kichwa dirishani.

"Stokipa! Manyoni! Mwanamke!"

Madereva waliokuwa wakila chini ya tipa waliacha kutafuna. Baba alikimbia. Aliuweka mkono wa simu mbali kidogo na sikio, kama walivyofanya wote, na mimi nikasimama karibu.

"Haloo! Mama watoto! Unanisikia?"

"Nakusikia." Ilikuwa sauti yake, ndogo, yenye mchanga. Mwaka na zaidi sikuwa nimeisikia. "Usipige kelele. Niko posta, watu wamejaa."

"Hata huku wamejaa! Hujambo? Bibi hajambo?"

"Hatujambo. Wazee walikaa."

"Najua. Najua, mama watoto. Ilikuwa sili. Ile ngozi, sikiliza, mafuta yaliyeyuka pale mteremkoni, gesi ikatoka yote. Lakini sasa fundi anakata ya mpira, na mpira hauna..."

"Mlifika wapi?"

"Nini?"

"Nauliza mlifika wapi, mkageuka."

Baba alinitazama. Angeweza kusema Issuna, kule juu kabla ya Manyoni. Ningekuwa mimi ningesema Issuna.

"Saranda," alisema.

Waya ulivuma.

"Mimi niliwaambia wamekwama mbali," mama alisema. "Wazee walipotaka kuinuka niliwaambia, ngojeni, gari lile ni bovu, labda limewalaza Manyoni. Wakangoja mpaka ng'ombe wakarudi zizini. Kaka zangu nikawatuma njiani na maji."

"Halikuwa bovu," baba alisema. Alikuwa mtu mkweli, ndiyo balaa lake. "Lilikuwa linatembea. Ni baridi tu iliyokwisha."

"Lilikuwa linatembea."

"Ndiyo."

"Leo nimepanda treni kuja kukupigia. Tumesimama Saranda. Nimenunua karanga dirishani. Siku ile nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu, baba watoto. Ulikuwa mlangoni tangu asubuhi."

Baba alifungua mdomo. Mwanamke wa mitambo ya simu akaingia katikati akiuliza kama tunaongeza muda, baba akapiga kelele ndiyo, ndiyo, tunaongeza, madereva wote wakitazama chini.

"Nitakuja," alisema. "Kesho. Nitakuja na basi. Nitapanda treni. Sikiliza, nitakuja kwa miguu."

"Wazee wamesimama."

"Nije basi mimi tu. Nije nikuone."

"Njoo," alisema mama, kwa upole kabisa. "Mgeni hatumfukuzi."